Fundi anataka 45,000 ya antivirusi kila mwaka. Nilipe?

Kaka, habari za kazi.

Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Tabata Segerea. Hivi karibuni tulinunua laptopu ya mtumba Kariakoo, aina ya HP, kwa ajili ya binti yangu aliyemaliza kidato cha sita na anayejiandaa kuomba mkopo wa Bodi na nafasi ya chuo. Jioni baba yake huitumia kuandikia hesabu za duka letu la vifaa vya umeme, na mdogo wake akiipata anaangalia katuni. Kompyuta ni moja, watumiaji ni sisi wote.

Muuzaji alitukabidhi ikiwa tayari. Windows 10, Word, Excel, akasema kila kitu kimo, kazi yenu kuwasha tu. Haukupita muda binti alikwenda steshenari kuprinti vyeti, flashi ikarudi mafaili yote yamegeuka vialama vyenye mshale, ukibonyeza hakuna kinachofunguka. Nikaipeleka mashine kwa fundi wa mtaani. Fundi akasema kompyuta haina antivirusi, na kompyuta isiyo na antivirusi haimalizi mwezi. Anataka 45,000 aweke ya mwaka mmoja, na mwaka ukiisha nilipe tena.

Mtoto wa kaka yangu anayesoma Chuo Kikuu pale Mlimani kasikia akanikataza. Anasema, "Shangazi, Windows ina ya kwake ndani, hizo za kununua zinafanya mashine iwe nzito bure." Jirani naye anasema zipo za bure, nipakue moja yaishe.

Katikati ya mabishano hayo, tukiwasha kompyuta kuna ujumbe mwekundu unatokea pembeni chini, wa Kiingereza, unasema tuna virusi vitano na tulipe kwa kadi ya benki. Mume wangu kachoka, anasema tulipe tulale. Mimi nimeizuia kadi kwanza mpaka nikuulize.

Nilipe ya fundi, niweke ya bure, au nikae hivi hivi? Na kwenye simu zetu je?

Mama Nasra, Tabata

*

Dada yangu Mama Nasra,

Umefanya la maana kuizuia kadi. Usilipe. Usimlipe fundi kwa hiyo antivirusi, na huo ujumbe mwekundu ndio kabisa usiuguse. Ila kukaa hivi hivi pia sikushauri, kwa sababu katika barua yako kuna maneno yaliyonishtua kuliko habari ya flashi. Ni pale muuzaji alipowaambia kila kitu kimo. Nitafika hapo.

Kwanza nimtendee haki mtoto wa kaka yako, maana yuko sahihi. Tangu Windows 8 ilipotoka mwaka 2012, Microsoft wanaweka antivirusi yao ndani ya Windows yenyewe. Inaitwa Defender, nayo imo kwenye Windows 10 na 11. Hainunuliwi wala haina mwaka wa kuisha. Faili likifunguliwa hulikagua, na taarifa za virusi vipya huzipata yenyewe kompyuta ikiwa na intaneti. Miaka ya mwanzo ilikuwa dhaifu kweli. Leo maabara ya AV-TEST ya Magdeburg, Ujerumani, ambayo kazi yake ni kuzijaribu antivirusi kwa virusi halisi, huipa alama za juu sambamba na zile za kulipia. Kwa nyumba kama yenu, yenye masomo, hesabu za duka na katuni, inatosha.

Fundi wako naye simwiti tapeli. Anachokisema kilikuwa kweli tupu enzi za Windows XP, ambayo haikuja na antivirusi yoyote. Tena siku hizo ukichomeka flashi tu, Windows iliweza kuendesha kilichomo bila kukuuliza. Conficker, kirusi kilichoanza kusambaa mwishoni mwa 2008 na kuingia kwenye mamilioni ya kompyuta duniani, kilipita mtandaoni, na kwenye flashi kikatumia mlango huo huo. Microsoft waliufunga kwenye Windows 7 mwaka 2009, na Februari 2011 wakapeleka sasisho la kuufunga kwenye matoleo ya zamani. Mafundi wengi wa mjini walijifunza kazi kipindi hicho, wakaokoa kompyuta nyingi za watu, na ushauri waliokuwa wakiutoa wakati ule wameendelea nao.

Sasa tuje kwenye "kila kitu kimo". Laptopu nyingi za mtumba zinazoingia Kariakoo zilikuwa za maofisi ya nje. Muuzaji hufuta vilivyokuwemo, akaweka Windows na Office upya. Kama hana leseni, anazifungua kwa programu ya kukraki. Na maelekezo ya programu hizo, karibu zote, yanaanza na sharti moja: zima antivirusi kwanza. Wanaozisambaza wanasema antivirusi inazionea tu. Inawezekana nakala aliyotumia muuzaji wako haikufanya kingine zaidi ya kukwepa leseni. Inawezekana pia ilibeba mwizi wa nywila. Mwaka 2021 watafiti wa usalama walionesha kwamba nakala bandia za KMSPico, ambayo ndiyo programu ya kukraki inayotafutwa sana, zilikuwa zikisambaza kirusi kiitwacho Cryptbot. Kazi yake ni kukusanya nywila ulizohifadhi kwenye kivinjari na kuzipeleka kwa watu usiowajua. Kwa kuitazama kompyuta huwezi kujua umepata ipi.

Ndiyo maana nahofia kwamba kwenu Defender haikushindwa kazi, ilizimwa kabla laptopu haijatoka dukani. Kirusi cha flashi kinachogeuza mafaili kuwa vialama ni cha siku nyingi, na Defender iliyo hai kwa kawaida hukipigia kelele mara tu unapokigusa. Kwenu kulikuwa kimya. Kununua antivirusi juu ya Windows iliyokrakiwa ni kuajiri mlinzi wa getini wakati aliyekuuzia nyumba alishagawa funguo.

Usiniamini kwa kubahatisha kwangu, kagueni wenyewe leo jioni. Bonyeza kitufe cha Windows, andika neno Security, fungua Windows Security yenye picha ya ngao. Ukikuta alama za vema za kijani ni dalili nzuri. Ukikuta msalaba mwekundu, jaribu kuwasha. Ikikataa kuwaka, au ikikuandikia kwamba inasimamiwa na ofisi au shirika wakati kompyuta ni ya sebuleni kwenu, kuna mtu aliifunga makusudi. Halafu, hata kama ni ya kijani, ingia ndani zaidi kwenye mipangilio ya kinga ya virusi mpaka uone orodha iliyoandikwa Exclusions. Hapo ndipo vinapowekwa vitu ambavyo Defender imeamriwa isivikague. Kwa kompyuta yenu orodha hiyo inapaswa kuwa tupu. Ukikuta folda usiyoijua, au diski C nzima imesamehewa, jibu umelipata.

Ukikuta hivyo, usimlipe mtu "kusafisha". Mashine ambayo kinga yake iliwahi kuzimwa na programu ya kukraki haisafishiki ukawa na uhakika. Inafutwa yote na Windows kuwekwa upya. Na hapa nina habari njema ambayo wauzaji wengi hawawaambii wateja. HP, Dell na Lenovo za maofisi zilizotoka kiwandani na Windows 10 au 11 kwa kawaida zina ufunguo wa leseni ndani ya ubao wa mashine yenyewe. Ukiweka toleo lile lile, Home kama ilikuwa Home, Pro kama ilikuwa Pro, kisha ukaunganisha intaneti, Windows inajitambua kuwa ni halali bila kulipa chochote. Yaani inawezekana kabisa mmekrakiwa kitu ambacho mlikuwa nacho kihalali.

Kazi hiyo fundi wako anaiweza, na kwa hiyo mlipe. Mwambie kwa maneno haya: "Nataka Windows uipakue kutoka tovuti ya Microsoft yenyewe, uiweke kwenye flashi tupu, ufute diski yote, na usinikrakie kitu chochote." Flashi ya GB 8 inatosha, lakini upakuaji unakula GB kadhaa za bando, kwa hiyo mkubaliane nani anabeba gharama hiyo. Kabla hajagusa, hamisha hesabu za duka, vyeti na picha. Hamisha nyaraka tu, programu usihamishe hata moja. Badala ya Office iliyokrakiwa, akuwekee LibreOffice, ni ya bure kihalali na inafungua mafaili ya Word na Excel. Baba Nasra atalalamika siku za mwanzo kwamba vitufe vimehama, atazoea.

Pia badilisheni nywila zote zilizowahi kuandikwa kwenye laptopu hiyo: barua pepe, akaunti ya maombi ya mkopo, benki. Msingoje laptopu irudi kutoka kwa fundi, anzeni sasa kwa kutumia simu. Barua pepe iwe ya kwanza, kwa sababu mwenye barua pepe yako anaweza kuomba nywila mpya za vingine vyote. Akaunti ya binti kwenye Bodi ya Mikopo isichukuliwe kama kitu kidogo. Ina taarifa zake na zenu wazazi, na akifungiwa nje katikati ya dirisha la maombi mtahangaika mno.

Jambo la Windows 10 lenyewe. Microsoft walisitisha kuihudumia tarehe 14 Oktoba 2025. Mwambie fundi aangalie kama mashine yenu inakubali Windows 11. Kwa prosesa za Intel Core, kwa kawaida ni kuanzia kizazi cha 8. Ikikubali, aweke hiyo. Isipokubali, upo mpango wa watumiaji wa nyumbani kuendelea kupata marekebisho ya usalama hadi 13 Oktoba 2026. Unajiunga kwenye mipangilio ya masasisho kwa akaunti ya Microsoft, na ukikubali mipangilio yako ihifadhiwe kwenye akaunti hiyo hutozwi hela. Baada ya hapo mashine ya kusomea na kuandikia hesabu inaweza kuhamia Linux Mint, mfumo mwingine unaochukua nafasi ya Windows, nao ni bure.

Nasisitiza masasisho kwa sababu watu wengi wanayazima kuokoa bando, na naelewa, bando si bure. Lakini kumbuka WannaCry. Tarehe 12 Mei 2017 kirusi hicho kilianza kufunga mafaili ya watu na kudai dola 300 kwa bitcoin, kikaenea katika nchi zaidi ya 150, hospitali za Uingereza zikaahirisha miadi na upasuaji. Tundu kilimopita Microsoft walikuwa wameliziba tangu Machi 14, miezi miwili nyuma. Hakikuhitaji mtu abonyeze kitu. Kilitafuta kompyuta ambazo hazijasasishwa, na zilikuwepo tele. Kama bando linabana, weka Windows ihesabu intaneti ya simu kuwa ya kupimwa (Metered connection), halafu mara moja kwa wiki iruhusu ipakue, ikiwezekana usiku kwa bando la usiku. Usizime moja kwa moja.

Ule ujumbe mwekundu, karibu nina hakika si antivirusi wala si kirusi. Ni arifa ya tovuti. Mtu alikuwa anatafuta katuni au muvi ya bure, tovuti ikauliza "ruhusu?", akabonyeza ruhusu ili aendelee. Tangu hapo tovuti hiyo ina haki ya kutuma matangazo pembeni ya kioo chenu, nayo inatuma ya kutisha, mara nyingi kwa nembo ya kampuni maarufu ya antivirusi. Fungua mipangilio ya kivinjari, tafuta sehemu ya arifa, ondoa kila tovuti usiyoijua. Usimgombeze mtoto, mwoneshe tu jibu sahihi la swali lile ni kukataa. Na Defender haitakuomba namba ya kadi hata siku moja.

Flashi ya binti pia isikuumize kichwa, vyeti vyake kwa kawaida huwa havijafutika. Kirusi kile huyaficha mafaili halisi na kuweka vialama vya mshale mahali pake, na kila anayebonyeza mshale anakiendesha upya. Msiibonyeze tena. Laptopu ikishawekwa upya na Defender ikiwa hai, ichomekeni, bonyeza kulia kwenye flashi uiamuru ikaguliwe, kisha washa kuonesha mafaili yaliyofichwa. Zitoeni nyaraka, flashi ifutwe. Kuanzia hapo pawe na flashi moja ya kwenda steshenari tu, isiyo na kitu kingine, au bora zaidi mtumieni mwenye steshenari faili kwa barua pepe kutoka kwenye simu yenu. Asiwafungulie barua pepe yenu kwenye kompyuta yake. Nimeona steshenari ambako ukikaa tu kwenye kiti unakuta akaunti za wateja waliotangulia zimeachwa wazi, na za kuombea mikopo zikiwemo, kivinjari kimehifadhi mpaka nywila. Vijana wa watu hawajui.

Kwa kuwa mashine ni moja na watumiaji wengi, tengenezeni akaunti tofauti. Moja iwe ya msimamizi, yenye nywila mnayoijua wewe na baba yao tu, haitumiki kila siku. Wote, hata nyie wakubwa, mfanye kazi kwenye akaunti za kawaida. Programu ikitaka kujiingiza kwenye mfumo mzima, kompyuta itaomba nywila ya msimamizi, na hapo ndipo mtu mzima anaulizwa. Mdogo wake Nasra akipakua gemu lenye mambo yake, litakwama pale.

Sasa ile 45,000. Iweke kwenye hela ya diski ya nje, au flashi kubwa kama bado haitoshi. Kila Jumapili Baba Nasra anakili hesabu za duka humo, kisha anaichomoa na kuiweka kabatini. Kuichomoa ni lazima, kwa sababu virusi vinavyofunga mafaili kwa ajili ya fidia hufunga na diski vinayoikuta imechomekwa. Na hata visije maishani mwenu, nyie mna duka la umeme mnajua zaidi yangu, huku kwetu umeme ukikatika na kurudi kwa kishindo unaweza kuondoka na diski. Antivirusi ya kila mwaka isingewarudishia daftari la madeni ya wateja. Nakala kabatini inarudisha.

Jirani na antivirusi zake za bure: kwa kuwa Defender mnayo, hakuna mnachoongeza cha maana, na mara nyingi ukiweka nyingine Defender inakaa pembeni kuipisha. Pia ujue za bure hujilipa kwa njia nyingine. Mwaka 2024 Tume ya Biashara ya Marekani iliitoza Avast, mojawapo ya antivirusi za bure zilizoenea sana, dola milioni 16.5 kwa kuuza kupitia kampuni yake tanzu taarifa za tovuti ambazo watumiaji wake walikuwa wakizitembelea. Watu waliiweka iwalinde. Ni jambo lililonikera na bado linanikera.

Wa kulipia wapo. Duka likikua mkawa na kompyuta nyingi na wafanyakazi, mtahitaji ya kibiashara ambayo mtu mmoja anaziona mashine zote kwa pamoja. Hapo tuzungumze tena.

Kwenye simu za Android, usinunue. Play Protect, kinga ya Google yenyewe, imo tayari, hakikisha tu imewashwa ndani ya Play Store. Kinachoangusha simu za watu ni programu zinazowekwa kutoka nje ya Play Store, zinazotumwa kwenye magrupu kama faili, zikiwemo zile WhatsApp zisizo rasmi ambazo vijana wanazipenda kwa rangi zake. Kama binti anayo, ahamishe mazungumzo yake anayoyahitaji, aiondoe, aweke ya kawaida. Na wale wa "ile hela tuma kwenye namba hii" hakuna antivirusi inayowazuia. Waripoti kupitia namba 15040, halafu futa.

Ukishakagua ile orodha ya Exclusions, niandikie ulichokikuta, hata kama ni picha ya kioo iliyopigwa kwa simu. Kama ni tupu na ngao ni ya kijani, tutaangalia kwanza hali ya leseni ya hiyo Windows na Office kabla hujamwita fundi.